Kalipa kubwa, shokapu zile zile: kuchonga breketi ya breki ya mbele

Kalipa ni kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya breki, na breketi yake ni bamba lenye matundu manne. Mawili yanashika masikio ya shokapu, yaani vile vishikio vya kufungia breki, mawili yanashika kalipa. Mwenye msumeno, tupa na drili anaweza kulichonga mchana mmoja, na wepesi huo ndio unaoponza watu.

Hebu tupige hesabu. Pikipiki na dereva wake wana kilo 250. Ukibana breki ya mbele kisawasawa kwenye lami kavu, tairi linaweza kusukumana na barabara kwa nguvu ya niutoni 2,200 hivi. Kutoka katikati ya ekseli hadi barabarani ni sentimita 30, lakini kalipa imeikamata diski sentimita 13.5 tu kutoka hapo katikati. Kadiri mkono unavyokuwa mfupi ndivyo nguvu inavyopanda, kwa hiyo kalipa inavutwa kwa niutoni 4,900 hivi. Ni kama kulitundikia lile bamba mzigo wa kilo 500, kisha kuutua na kuutundika tena kila ukifika kwenye tuta.

Kama pikipiki ina diski mbili, kila upande unabeba nusu. Kama ina moja, mzigo wote ni wa bamba lako. Shika picha hiyo ya kilo 500 unaposoma mengine yote.

Kabla ya kununua chochote

Wengi wanaolalamika kwamba breki yao ni dhaifu hawahitaji kalipa mpya. Mafuta ya breki yamezeeka na kunywa maji, mpira unaopitisha mafuta hayo unavimba ukibanwa, pedi zimeng'aa kama kioo, pistoni zimekwama. Anza hapo. Weka mafuta mapya, mpira uliofumwa kwa nyaya za chuma na pedi nzuri, kisha endesha wiki moja. Ikiwa bado huridhiki, rudi tuendelee.

Kama pikipiki ina ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisigande ukibana breki, mimi nakushauri uache. Kompyuta yake imepangiwa ujazo na shinikizo la kalipa ile iliyotoka nayo kiwandani, na hakuna tupa inayoweza kuifundisha hesabu mpya. Uliza pia sheria ya unakoishi na kampuni yako ya bima, kwani sehemu nyingi badiliko la breki linatakiwa likaguliwe kabla chombo hakijarudi barabarani.

Jambo la mwisho ni kuyakagua masikio ya shokapu yenyewe. Yasugue yawe safi, yamulike kwa tochi, tafuta ufa kwenye mizizi yake. Yalitengenezwa kubeba breki ya zamani, na breki yenye nguvu zaidi itayavuta zaidi. Sikio lenye ufa haliungwi kwa kuchomelea. Tafuta shokapu nyingine.

Kalipa ipi

Kalipa ziko za namna mbili kwa jinsi zinavyofungwa. Kuna zile ambazo bolti zake zinaingia kwa ubavu, sambamba na ekseli, na kuna za kisasa zaidi ambazo bolti zinaingia kwa nyuma, zikielekea upande wa ekseli. Hizi za pili, za radiali, zinatamaniwa na kila mtu, lakini breketi yake ni bonge nene linalotaka mashine ya kusaga chuma na fundi anayeijua. Kwa anayeanza, chukua ya bolti za ubavuni. Breketi yake inabaki kuwa bamba bapa, na bamba bapa unaweza kulipima kwa rula.

Pima umbali kati ya matundu ya bolti kwa kutumia venia, kile kipimio cha taya mbili, katikati hadi katikati. Radiali nyingi ni milimita 100 au 108, na mtu asipokuwa makini anaagiza moja akidhani ni nyingine. Kalipa za Brembo za pistoni nne za zamani ziko za 40 na za 65.

Usikosee kushoto na kulia. Kalipa nyingi za pistoni nne zina pistoni mbili ndogo na mbili kubwa. Ndogo zinakaa upande ambao diski inaingilia, ili pedi isiliwe zaidi kwenye ncha hiyo. Kalipa ikiwa nyuma ya shokapu, diski pale inapanda juu, kwa hiyo pistoni ndogo ziwe chini. Ukiihamishia mbele ya shokapu mambo yanageuka. Na popote utakapoiweka, skrubu ya kutolea upepo iwe sehemu ya juu kabisa, la sivyo hewa itabaki imejificha humo na utaitafuta hadi usiku.

Hakikisha pia unene wa diski yako unaingia kwenye nafasi ya kalipa pamoja na pedi mpya. Diski imeandikwa unene wake wa mwisho, kwa kawaida kwa herufi MIN TH. Ikiwa imeshafika hapo, usiifungie kalipa mpya diski iliyokwisha.

Masta silinda

Masta ni ile pampu ya mafuta inayosukumwa na mkono wa breki. Hapa ndipo mtu anapofunga kalipa kubwa, kisha mkono wa breki unalala hadi kwenye usukani. Pistoni kubwa zinataka mafuta mengi kuliko masta ndogo inavyoweza kusukuma.

Chukua kipenyo cha kila pistoni, kizidishe kwa chenyewe, jumlisha. Kwa kalipa inayoteleza, yenye pistoni upande mmoja tu, hesabu zote. Kwa kalipa yenye pistoni pande mbili, hesabu upande mmoja. Kisha gawanya kwa kipenyo cha masta kilichozidishwa kwa chenyewe.

Mfano: kalipa ya zamani ya kuteleza ina pistoni mbili za milimita 27. Hiyo ni 729 mara mbili, 1,458. Masta ni ya 12.7, ambayo inatoa 161. Uwiano ni karibu 9. Kalipa mpya ina 34 na 30 kila upande, yaani 1,156 na 900, jumla 2,056. Kwa masta ile ile uwiano unaruka hadi 12.7. Nguvu imepanda kwa asilimia 40, lakini na mwendo wa mkono umeongezeka kwa asilimia hiyo hiyo. Ukiweka masta ya 14 unapata 10.5. Ya 15 inakurudisha 9.1, na ya 16 inakushusha hadi 8, breki ngumu kama jiwe na dhaifu kuliko uliyoanza nayo. Mimi hapa ningechukua 14. Kanuni ninayojiwekea ni kutovuka asilimia 15 hivi juu ya uwiano wa zamani, na faida nyingine niitafute kwenye diski kubwa zaidi.

Diski kubwa ndiyo nguvu ya bure. Kutoka diski ya milimita 240 kwenda ya 300, ikiwa pedi ina kimo cha milimita 30, sehemu inayoshikwa inahama kutoka milimita 105 hadi 135 toka katikati. Hiyo ni karibu asilimia 29, na mwendo wa mkono haujaongezeka hata kidogo.

Kupima

Sehemu hii ipe siku nzima. Kukata chuma kutakuchukua saa chache tu.

Funga gurudumu na diski mahali pake, ekseli ikazwe kama ya safari. Simamisha pikipiki ili gurudumu lizunguke huru. Toa kalipa ya zamani. Chukua kalipa mpya ikiwa na pedi, ivishe kwenye diski, kisha chomeka kabari nyembamba za mbao kati ya pedi na pistoni, pande zote mbili, hadi kalipa ijishike yenyewe kwenye diski. Sasa inaning'inia mahali inapotaka kukaa, na mikono yako iko huru.

Isogeze polepole mpaka mambo matatu yakubaliane. Kwanza, ukingo wa juu wa pedi ulingane na ukingo wa diski, au ubaki ndani yake kwa nusu milimita hadi moja. Pili, ukingo wa chini usiguse vifungo vya diski wala sehemu isiyosagwa. Tatu, dari ya kalipa iwe na angalau milimita 2 kutoka kwenye diski, maana diski ikipata moto inatanuka. Halafu zungusha gurudumu na uangalie upande wa ndani: njiti za gurudumu, vali, na vile vipande vya risasi vya kusawazisha vilivyobandikwa kwenye rimu. Milimita 5 ni nafasi nzuri, 3 ndiyo mwisho.

La kwanza kati ya hayo matatu nililipuuza kwenye breketi yangu ya kwanza. Pedi ilikuwa imechungulia juu ya diski kwa milimita moja na nusu, nikasema haina neno. Baada ya miezi michache mkono wa breki ukaanza kuwa laini kila asubuhi. Nilipozitoa pedi nikakuta kila moja ina ukuta mdogo kwenye ukingo wake, mahali ambapo diski haikufika kuila. Kuta mbili hizo zilikuwa zimekaribia kukutana juu ya diski. Zingekutana, pedi zisingeibana diski tena, zingebanana zenyewe kwa zenyewe. Nilitupa bamba lile.

Kalipa ikishatulia, bandika karatasi ngumu kwenye masikio ya shokapu na uisugue kwa kidole chenye grisi kidogo, matundu yatajichora. Fanya hivyo hivyo upande wa kalipa bila kuihamisha karatasi. Ukishapata alama nne, pima umbali wa kila tundu kwa kila tundu jingine, vipimo sita kwa jumla, na uviandike. Kisha weka rula iliyonyooka juu ya uso wa masikio ya shokapu na upime kalipa imesogea ndani au nje kwa milimita ngapi. Kipimo hiki ndicho kinachokuambia unene wa bamba, au kama bamba litahitaji ngazi katikati.

Karatasi, mbao, kisha chuma

Kata breketi ya kwanza kwa karatasi ngumu. Ya pili kwa mbao nyembamba yenye unene ule ule wa chuma utakachotumia, uifunge kwa bolti halisi, uzungushe gurudumu, ukate usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Ukiwa na mashine ya kuchapa plastiki, ichape. Ila plastiki hiyo na mbao hiyo ni za kupimia. Usibane breki ukiwa nazo, hata kwa mchezo.

Kwa chuma chenyewe, aluminiamu ya 7075-T6 yenye unene wa milimita 10 hadi 12 ndiyo chaguo langu. Ina nguvu karibu mara mbili ya 6061-T6, ambayo nayo inafaa ukiipa unene zaidi. Bamba la chuma cha kawaida la milimita 8 nalo linabeba kazi bila wasiwasi, ni zito tu na linataka rangi dhidi ya kutu. Bamba la kuokoteza usilolijua asili yake lifanye kishikio cha namba. Na usichomelee breketi ya aluminiamu: aluminiamu hizi zimepewa nguvu kwa kupikwa, na moto wa kuchomelea unaiondoa nguvu hiyo pale pale penye kiungo. 7075 haikubali hata kuchomelewa kwa njia za kawaida.

Kukata na kutoboa

Toka katikati ya tundu hadi ukingo wa bamba iache nyama isiyopungua mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti. Mara mbili ni bora, yaani milimita 20 kwa bolti ya M10, ambayo kipenyo chake ni milimita 10. Kona ya ndani isiwe kali kamwe. Toboa tundu la mviringo pale kona itakapokuwa, kisha kata kuelekea kwenye tundu hilo, kwa sababu ufa unapenda kona kama maji yanavyopenda bonde. Mikwaruzo ya msumeno kwenye kingo iondoe yote kwa tupa, umalizie kwa msasa ukienda kwa urefu wa bamba.

Toboa kwa drili ya kusimama. Ya mkononi itakupa tundu lililoinama, na kalipa itakaa imeinama nalo. Anza na kekee ya milimita 3, kisha 6, kisha ya mwisho. Tundu la kupitisha M10 liwe 10.2 hivi. Kama utakata meno, M10 yenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya 1.25 inataka tundu la 8.8, ya 1.5 inataka 8.5, na M8 inataka 6.8.

Kuhusu meno kwenye aluminiamu: yanataka kina cha mara moja na nusu hadi mbili ya kipenyo, yaani milimita 15 hadi 20 kwa M10. Bamba la milimita 12 halitoshi. Ama upitishe bolti na kufunga kwa nati ya kujikaza nyuma, ama uvishe tundu springi za meno za chuma. Mimi hupenda nati, kwa kuwa naiona kwa macho yangu.

Bolti ziwe za daraja 8.8 au 10.9, namba imeandikwa kichwani. Zile zinazong'aa za chuma kisichoshika kutu, A2-70, zinavutia kweli, lakini zinakatika kwa megapaskali 700 wakati 8.8 ni 800. Na chagua urefu ambao sehemu isiyo na meno ndiyo inayokaa ndani ya bamba.

Ukipaka rangi, acha wazi nyuso zote zinazogusana. Kinachozuia kalipa isihame ni mbano wa uso kwa uso unaotokana na bolti iliyokazwa. Rangi ikikaa katikati itasagika taratibu, mbano utapungua, na bolti itaanza kucheza bila wewe kujua.

Kuiweka kalipa katikati

Funga breketi, funga kalipa bila pedi, kaza. Kwa kalipa ya kuteleza hakuna kazi kubwa hapa, inajitafutia katikati yenyewe. Ya pistoni pande mbili haina huruma hiyo.

Pima nafasi kati ya diski na uso wa ndani wa kalipa, upande wa nje na upande wa gurudumu, juu na chini. Tuseme upande wa nje umepata 3.1 na wa gurudumu 2.3. Tofauti ni 0.8, kwa hiyo kalipa isogee nusu yake, 0.4, kuelekea kwenye gurudumu. Kama kalipa imekaa upande wa ndani wa bamba, shimu, yaani pete nyembamba, ya 0.4 kwenye kila bolti inamaliza kazi. Kama imekaa upande wa nje, itabidi bamba lisagwe. Ndiyo maana unapochora, panga mambo ili kosa lolote lirekebishwe kwa kuongeza na si kwa kupunguza. Mwisho wa yote, tofauti isizidi 0.2. Shimu iwe pete kamili ya chuma, moja kwa kila bolti; vipande vya kopo la soda havina nafasi hapa.

Kama vipimo vya juu na vya chini havilingani, kalipa imepinda. Hilo shimu halilitibu vizuri. Rudi kwenye matundu.

Kaza kwa spana ya kupimia nguvu. Fuata takwimu za mtengenezaji wa kalipa. Kama hazipo, niutonimita 20 hadi 25 kwa M8 na 35 hadi 45 kwa M10. Tia gundi ya bolti, kisha chora mstari wa rangi toka kichwa cha bolti hadi kwenye bamba.

Mipira, mafuta, upepo

Mpira uwe na urefu wa kutosha shokapu zikiwa zimening'inia kabisa na usukani umekatwa hadi mwisho, pande zote. Bolti ya banjo, ile yenye tundu inayofunga mpira kwenye kalipa, iko ya M10 yenye hatua ya 1.0 na yenye hatua ya 1.25. Zinafanana kwa macho, na ukilazimisha moja kwenye meno ya mwenzake umeiua kalipa. Washa za shaba ziwe mpya, mbili kwa kila banjo.

Mafuta ni DOT 4 au 5.1. DOT 5 isiyo na nukta ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Toa upepo hadi mkono uwe mgumu, kisha ufunge kwenye usukani kwa kamba ukiwa umebanwa, uuache ulale hivyo. Asubuhi kagua kila kiungo kwa karatasi nyeupe, na bana tena: mkono ukiwa umeshuka kuliko jana, kuna mahali panavuja au hewa ingalimo. Mafuta yakimwagika kwenye rangi, maji mengi mara moja.

Majaribio

Kabla ya injini, shika breki, isukume pikipiki mbele na nyuma, huku mwenzako ameweka kidole pale bamba linapokutana na sikio la shokapu. Kidole kinahisi mchezo ambao jicho halioni. Kisha kwa mwendo wa kutembea, mahali pasipo na watu. Kisha kilomita 20 kwa saa.

Pedi mpya zizoeze: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, ukianza taratibu na kuongeza nguvu, na kati ya mara na mara uziache zipoe. Ukisimama ukiwa umebana pedi zenye moto utaacha alama kwenye diski, na alama hiyo utaisikia mkononi.

Angalia mistari ya rangi baada ya kilomita 50, kisha 200. Baada ya 500 zitoe pedi uzisome. Zikiliwa sawa pande zote, breketi iko mahali pake. Za upande mmoja zikiliwa kuliko za upande wa pili, rudi kwenye shimu, au kuna pistoni iliyokwama. Zikiliwa kama kabari kutoka juu kwenda chini, kalipa imeinama. Na ukiona ule ukuta mdogo kwenye ukingo, hata kama ni wa unene wa kucha, usiusage kwa tupa ukaendelea na safari. Lichonge bamba upya.